Kitambaa Kinachoukimbia Moto

Ukitaka kujua kitambaa kimetengenezwa kwa nini, chomoa uzi mmoja uuchome. Ndivyo nilivyofundishwa ufundi wa makochi pale Kaloleni, mjini, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo, ingawa siku hizi nikiwasha kiberiti nageuza uso na kusingizia moshi. Uzi wa pamba huwaka mara moja, hunuka karatasi na huacha jivu jepesi la kupuliza. Uzi wa sufu hunuka nywele. Lakini vitambaa hivi tunavyovipenda siku hizi, vya kung'aa, vyenye maua ya rangi ya dhahabu, ambavyo mwenye duka atakuapia kwa Mungu kuwa vimetoka Uturuki, uzi wake ukiusogezea moto hauwaki. Unajikunja, unarudi nyuma, unakimbia, halafu unaganda na kuwa kitone cheusi kigumu kama punje ya mtama. Hiyo ni plastiki iliyosokotwa, hata ukiibatiza jina gani.

Kazi yangu ni kushinda katikati ya vitu vinavyoungua. Sponji zimepangwa mpaka juu, gundi ya kopo ambayo mvuke wake peke yake unatosha kushika moto, mbao za mgrivea, magunia, vumbi la msumeno. Mtu akiingia na sigara namtoa nje kabla hajanisalimu, hata awe mteja, na siku hiyo mdomo wangu huwa hauna breki. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba sikujua. Nalitanguliza hili kwa sababu katika mambo yaliyotokea, watu walimtafuta mtu asiyejua alichokuwa akifanya, na waliyempata siye.

Mama yangu amezaliwa na kuzeekea kwenye mteremko wa Meru, juu ya Usa River, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu hukaa mashambani mpaka saa nne asubuhi. Mpaka miaka michache iliyopita alikuwa akilala kwenye msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi na majani makavu ya mgomba kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Kijijini ilikuwa imebaki hiyo moja. Ndani, upande mmoja walilala mbuzi, upande wa pili kulikuwa na kitanda chake cha miti chenye ngozi ya ng'ombe, na katikati mafiga matatu na moto ambao sikumbuki kuuona umezimika. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito alikoweka mahindi na kuni. Mtu wa mjini akiingia mle alikuwa na swali moja tu, kwamba nyumba hii imewezaje kukaa miaka yote bila kuungua.

Haikuungua kwa sababu mama alikuwa akijua. Hakusoma hata darasa moja, lakini kila kitu mle ndani alikijua kwa tabia yake mbele ya moto. Jani kavu la mgomba ni mwendawazimu, halikaribishwi mafigani. Gunzi la mahindi hushika polepole na kukaa na kaa lake saa nyingi bila kelele. Mti wa kahawa uliokauka hauna moshi. Mkaratusi hurusha cheche, kwa hiyo huutii motoni upepo ukiwa unavuma na mlango uko wazi. Mgomba mbichi ni maji matupu. Kipande chake kililazwa kila siku nyuma ya mafiga, na cheche ikirukia pabaya alikilaza juu yake bila hata kukatisha maneno aliyokuwa akisema. Na ngozi, kwa mama, ilikuwa rafiki. Ngozi ukiisogeza motoni hujikunja, hunuka, hurudi nyuma, lakini haiwaki. Ndiyo maana alitundika moja ukutani nyuma ya moto, na asubuhi za baridi alijifunika nyingine magotini akiwa amekaa karibu kabisa na makaa.

Tukiwa wadogo alituambia kwamba kinachoukimbia moto hakina neno, cha kuogopa ni kile kinachoungoja. Sisi tuliona ni maneno ya wazee tu. Tulipofika shuleni mwalimu akatuandikia ubaoni vitu vinavyoungua na visivyoungua, jiwe huku, karatasi kule, tukanakili na kupata vema. Elimu ya mama haikuwa na safu mbili. Ilikuwa na kitu kimoja kimoja, na kila kimoja kina mwenendo wake.

Mimi nilikuwa naionea aibu ile nyumba, na nisifiche. Wakwe zangu ni Wachaga wa mjini, wafanyabiashara, watu wa nyumba zenye geti. Walipokuja kumsalimu mama mara ya kwanza, mama mkwe aliinama kuingia, akatoka na masizi begani, akacheka kwa adabu. Kicheko kile sikukisahau. Nilianza kujenga mwaka uliofuata, hatua moja baada ya nyingine, tofali za saruji, bati la rangi ya matofali, madirisha ya vioo, silingi ya plastiki nyeupe inayong'aa. Kila nilipopanda kijijini nilimwambia mama kwamba sasa atalala kwenye nyumba isiyoungua. Aliitikia kwamba ni vizuri, akaniuliza moto utakaa wapi.

Aliomba kitu kimoja tu. Aliomba msonge ubaki nyuma ya nyumba mpya, auite jiko. Nilikataa. Nilimwambia nyasi zile zitatuletea msiba siku moja, na nilisema kwa sauti ya mtu anayejali usalama, wakati moyoni nilikuwa naona masizi kwenye bega la mama mkwe. Nikauvunja kwa mikono yangu mwenyewe siku ya Jumamosi, nikarundika zile nyasi na kuzitia moto. Zilikuwa zimeshindiliwa na kuloa kwa chini, zikakataa kuwaka. Zilifuka moshi siku mbili. Mama alikaa kwenye kibaraza kipya akizitazama, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi mjini.

Samani nilitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo nilipotaka kumwonyesha mama na ulimwengu mzima kwamba mwanawe ni fundi. Seti ya makochi ya rangi ya zambarau, yenye maua, sponji nene ya kukalia, migongo mirefu, na chini nikaweka pindo la kitambaa linalogusa sakafu. Nikatandika kapeti kutoka ukuta hadi ukuta. Mapazia nikayashona kwa kitambaa kilekile. Hakuna chumba nilichokitengeneza kwa upendo kama kile, wala hakuna chumba kilichokuwa na vitu vya kuungua kama kile, isipokuwa karakana yangu.

Siku tuliyoingiza makochi, mama alisimama mlangoni na kanga yake ya zamani, akagoma kukaa. Wageni walikuwa njiani, mchungaji anakuja kubariki nyumba, wakwe wanakuja, na mimi nilitaka wamkute ameegemea kama mwenye nyumba. Yeye alikuwa akizunguka akigusa. Aligusa ukuta, akauliza kama unaungua, nikasema hapana. Akagusa kioo, hapana. Akauliza kuhusu silingi, nikajifanya sikusikia kwa sababu nilikuwa juu ya stuli nakaza pazia. Halafu akashika mgongo wa kochi, akavuta kitambaa kidogo kati ya vidole, akaniuliza kwa Kimeru kama ilivyokuwa kawaida yetu, "Na hiki, baba, kinaungua?"

Nilishuka. Nikachomoa uzi penye mshono, nikawasha kiberiti, nikamwonyesha kama ninavyowaonyesha wateja. Uzi ukajikunja. Ukarudi nyuma kutoka kwenye mwali, ukazimika. Mama aliinamisha kichwa karibu, akanusa, na uso wake ukafunguka kabisa, uso wa mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

"Kama ngozi," alisema.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Kama ngozi."

Nilikuwa najua. Wakati maneno yanatoka nilikuwa najua kwamba uzi mmoja ni kitu kimoja, na mita ishirini za kitambaa juu ya sponji ni kitu kingine. Nilijua kwamba kitambaa hiki kikizidiwa hakikimbii tena, kinayeyuka na kudondoka huku kinawaka, na kwamba sponji iliyo chini yake ikishika haisubiri mtu avae viatu. Nilihitaji labda sentensi mbili kumweleza. Lakini nilisikia gari likipanda kilima, na alikuwa ameshaanza kukaa, kwanza ukingoni, kisha nyuma, kisha akaegemea. Nilicheka, nikazima kiberiti, nikaenda kupokea wageni.

Alikaa kwenye nyumba ile miezi kumi na moja. Nilimwekea jiko la mkaa kwenye kibanda cha bati nje, maana ndani, nilimwambia, ni mahali pa kupumzikia. Ulipofika mwezi wa sita alianza kunipigia simu kwamba nyumba ina baridi. Kweli, tofali za saruji huku kwetu mlimani zinalala na baridi na kuamka nayo. Msonge ulikuwa ukishika joto kwa sababu ya moto, mbuzi na ule unene wa nyasi. Nilimwambia avae sweta mbili, nikamtania kwamba amezoea kulala na mbuzi. Alicheka. Aliniambia pia kwamba miguu inamwuma, nikasema nitamletea soksi, na soksi sikuleta.

Yaliyotokea nimeyapata kwa jirani, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ng'ambo ya mfereji, mkabala na mlango wetu. Ilikuwa asubuhi, baada ya kukamua, ukungu bado upo. Mama aliliingiza jiko la mkaa sebuleni. Aliacha mlango na madirisha wazi kwa sababu anaujua moshi wa mkaa kuliko mimi na wewe. Hakuliweka katikati ya kapeti. Kapeti alilikunja vizuri akaliweka jiko kwenye saruji tupu. Kisha akalisogeza hadi ubavuni mwa kochi kubwa, karibu na pindo, kama alivyokuwa akiusogelea ule ukuta wenye ngozi ili joto lisitawanyike. Akakaa, akaota moto, akapata nafuu ya miguu. Halafu ndama alikata kamba na mama akatoka kumfunga.

Narudia hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetaka kulisikia: alikunja kapeti. Mtu aliyepotewa na akili hakunji kapeti.

Jirani alisema aliona kwanza moshi mweusi, mzito, unatoka dirishani kama wa tairi. Mama alikuwa amerudi mlangoni. Hakupiga kelele. Alikimbilia mgombani na panga, akakata mgomba kwa mapigo matatu, akabeba kipande kifuani na kuingia nacho ndani. Alikilaza juu ya moto kama alivyofanya tangu alipoolewa. Akatoka, akakata cha pili, akaingia tena. Mara ya tatu jirani na vijana wawili walimshika wakamvuta, naye anapambana nao, anawaambia wamwachie, moto ni mdogo tu. Wakati huo silingi ilikuwa ikidondoka matone yanayowaka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeungua mpaka juu ya viwiko, na kitambaa changu cha zambarau kilikuwa kimegandia humo.

Nilipofika kutoka mjini paa lilikuwa limeshalala. Nilipita ndani kuangalia kilichobaki, nadhani kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kwenda moja kwa moja hospitali. Tofali zilikuwa zimesimama, nyeusi. Sufuria za alumini zilikuwa zimeyeyuka na kuwa mabonge. Vioo vimepasuka. Bati limejikunja. Pale palipokuwa na kochi kubwa hapakuwa na mbao, sponji wala kitambaa, ila zile pini ndogo za stepla, mamia kwa mamia, zimekaa sakafuni kwa mistari kama nilivyozipiga. Niliweza kuona mkono wa kochi ulikuwa wapi na mgongo ulikuwa wapi. Pembeni yake kulikuwa na vipande viwili vya mgomba, vimeungua nje tu, ndani vibichi. Nilichuchumaa pale nikalia kwa sauti.

Hospitalini mama alikuwa amefungwa bandeji mpaka mabegani. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu na anakaa Makumira, alikuwa ametoka kwenda kutafuta dawa. Tulikuwa wawili tu. Mama alinitazama, hakuwa na hasira hata chembe, alikuwa kama mtu anayemsubiri fundi amweleze kitu kimeharibikaje.

"Mbona kiliwaka?" aliuliza.

Ningemjibu siku ile, mengi yangekuwa tofauti. Ningemwambia kwamba kiliwaka kwa sababu ndivyo kilivyo, na mimi nilimdanganya ili wakwe zangu wamkute ameegemea. Badala yake niliweka mkono wangu kwenye paji la uso wake nikamwambia asiongee, apumzike. Alifumba macho kwa utii. Swali lile hakuniuliza tena.

Alikaa hospitali wiki saba. Katika wiki hizo, kijiji na ukoo walitengeneza maelezo yao, na sikuyatengeneza mimi, ila niliyaacha yakae. Walisema ni uzee. Walisema bibi aliacha jiko ndani akasahau. Mwingine akakumbuka kwamba mwaka jana alimwita mjukuu kwa jina la mwingine, mwingine akakumbuka alikwenda kanisani Jumamosi, kana kwamba sisi wenye akili timamu hatujawahi kukosea siku. Dada alilia akasema dalili zilikuwepo na sisi watoto hatukuziona. Kila aliyefika kunipa pole aliniambia nisijilaumu, kwa sababu nilimjengea mama nyumba nzuri, na mzee akishafika hapo hana tofauti na mtoto. Niliwashukuru. Niliitikia. Nilikuwa nachukia kila neno na nilikuwa nalihitaji.

Kikao cha ukoo kilifanyika nyumbani kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Kiliamua kwamba mama asirudi kukaa peke yake. Nyumba isijengwe upya. Ng'ombe wapelekwe kwa baba mdogo, mama aende Makumira kwa dada, na asiguse moto tena. Hilo la mwisho alilisema dada, kwa upole, na wote wakakubali. Baba mdogo alinigeukia akaniuliza kama nina la kuongeza, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kujenga. Mama alikuwa amekaa kwenye kona, mikono yake kwenye bandeji mapajani. Alikuwa akinitazama. Nilisema sina.

Kwetu mwanamke asiye na moto hana kwake. Mgeni akija anaulizwa amekaribishwa kwa nani, na jibu ni jina la mwanamke mwenye mafiga. Mama alikuwa na moto wake tangu siku alipoingia kihambani, shamba la ukoo wa mumewe, akiwa mwali, akauhamisha kutoka mafigani kwenda jiko la mkaa nilipomlazimisha, na siku ile ulizimwa kwa kauli moja, ajenda ya tatu, kabla ya chai.

Kwa dada ni nyumba nzuri, yenye jiko la gesi lililowekwa juu, na viberiti vimefungiwa kabatini. Mama anapewa kila kitu. Anaogeshwa, kwa kuwa vidole vyake havikunjuki tena vizuri, na analishwa makande yaliyopondwa, na Jumapili anapelekwa kanisani kwa gari. Nilianza kwenda kila mwisho wa wiki. Miezi ya kwanza alikuwa bado mama yule. Aliuliza habari za ng'ombe kwa majina yao, alimkosoa dada kwa kupika ndizi zikiwa hazijakomaa. Akitaka kusimama, dada anamwambia akae. Akianza kueleza jambo, wajukuu wanammalizia. Akisahau neno la Kiswahili, maana Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni, watu wanatazamana.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mama lilikuja. Niliona likija, wiki baada ya wiki. Alianza kuuliza kabla ya kugusa kitu. Akipewa sahani anauliza kama inaungua. Akiletewa shuka anauliza. Kikombe, kiti, kanga yake mwenyewe ambayo ameivaa miaka kumi, anauliza. Wajukuu walikuwa wakicheka mwanzoni, halafu wakazoea, wanajibu bila kuinua macho kwenye simu. Mwanamke aliyekuwa akijua gunzi linavyoshika na mkaratusi unavyoruka alikuwa hana hakika na bakuli la udongo. Nikawa najibu na mimi, "Hapana, mama, hiki hakiungui," na kila nikijibu nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nilishindwa. Sikuwa nimepata ujasiri wowote, nisijisifu. Nilikuwa nimechoka tu. Nilikwenda kijijini kwanza, kwenye kile kiwanja chetu, nikachuma jani la sale kwenye mpaka. Sale ni mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, na kwetu na kwa Wachaga una kazi nyingine kubwa. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake na kulikabidhi mkononi mwako, amekuja kuomba msamaha, na ukishalipokea huna ruhusa ya kukataa. Mauaji yamewahi kumalizwa kwa jani hilo. Nilifunga fundo kama inavyotakiwa, nikashuka nalo Makumira nimelifunika kwenye koti.

Mama alikuwa barazani, yeye na dada tu. Nilimwamkia, nikapiga magoti mbele yake, nikaliweka jani kwenye ile mikono yake iliyokunjamana. Nikamwambia yote. Uzi, kiberiti, wageni waliokuwa wanapanda kilima. Nikamwambia kwamba yeye aliuliza vizuri na mimi nilimjibu uongo. Nikamwambia alikunja kapeti, jirani aliliona limekunjwa, kwamba hakusahau kitu chochote asubuhi ile, akili yake ilikuwa nzima na ni mimi niliyeiacha isemwe kuwa imeharibika. Nilikuwa nalia mpaka maneno yananikatika. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nisimchanganye mama, sasa hivi analala vizuri.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Aligeuza lile jani, akalipapasa fundo kwa kidole kimoja kinachomtii. Niliona analitambua. Kwa muda kidogo alikuwa yule wa zamani kabisa, mwenye moto wake, na mimi nikaanza kuamini kwamba huenda nimewahi.

Halafu akanipangusa machozi kwa mgongo wa mkono.

"Wewe una huruma sana, baba," alisema. "Tangu mtoto. Lakini hili jani ni mimi niliyetakiwa kukuletea."

Akalishika kwa viganja viwili, kwa shida, akaninyooshea.

"Nyumba uliyonijengea niliichoma. Nilisahau jiko. Nisamehe."

Nilimtazama dada, naye akageuza uso. Mama alikuwa bado amenyoosha mikono, na macho yake yanangoja kwa hofu kama nitalipokea. Huwezi kulikataa. Nikalipokea, na kwa sauti, mbele ya dada yangu, nikamwambia mama kwamba nimemsamehe.